Siku Nilipoitwa Maini

Mjukuu wangu hukaanga maini Jumamosi asubuhi. Kitunguu kikianza kugeuka rangi, na ile harufu nzito yenye kitu kama chuma ndani yake ikianza kujaa nyumba, mimi huchukua kiti changu na kuhamia uani. Mkwe wangu aliwahi kudhani ni mwiko wa ukoo. Mchungaji alidhani ni amri ya daktari. Nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu ukweli ni mgumu kuueleza mezani: kilichonitenga na chakula hicho ni neno la Kiingereza. Wenzangu wa rika langu, mliokaa kwenye madawati enzi za Mwingereza mkirudia kwa sauti maneno msiyoyajua, labda ninyi mtanielewa bila mimi kujitetea sana.

Nyumba yetu ilikuwa Mpemba, kijiji cha karibu na mpaka wa Tunduma, juu kidogo ya barabara kuu, mahali ambapo vumbi la malori lilitufikia likiwa limeshachoka. Baba yangu, Yese, alilima mahindi, ulezi na maharage. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kawaida ya kukohoa kwanza kabla ya kutamka jambo zito. Mama, Leya, alikuwa mfupi na mwepesi. Mikono yake haikujua kukaa bure, na alipofanya kazi aliimba nyimbo za kanisani kwa Kinamwanga. Majirani walikuwa na watoto sita, saba. Kwetu nilikuwa mimi tu. Sikujiuliza kwa nini. Mtoto hajiulizi kwa nini nyumba yao ina mlango mmoja.

Siku zile karibu kila ukoo ulikuwa na mtu wake Maini. Ndivyo wakubwa walivyosema: fulani yuko Maini, fulani amerudi kutoka Maini na baiskeli. Kwetu aliyekuwa huko ni baba mdogo Fanuel, mdogo wake baba, ambaye nilikuwa sijamtia machoni. Sasa fikirini akili ya mtoto. Maini niliyoyajua mimi yalikuwa ya kwenye moto. Mbuzi akichinjwa, maini yalichomwa kwanza, yakaliwa na wanaume wazee, na sisi watoto tukabaki na harufu. Basi nikaamini kwamba ng'ambo ya Tunduma kuna nchi ambako maini ni mengi kiasi kwamba hata vijana kama Fanuel wanagawiwa. Nilimwonea wivu.

Lakini kulikuwa na maneno mengine pia, yaliyosemwa kwa sauti ya chini wanawake wakichambua maharage. Walisema upande ule wa mpaka kuna banyama, watu wanaokamata wenzao njiani, kuwatoa damu na vya ndani, na kuwauzia Wazungu. Walisema banyama huvaa vizuri. Walisema huanza kwa kukupa kitu kitamu. Nami, nikiwa nimejibanza nyuma ya kihenge, niliunganisha mambo hayo kwa hesabu yangu mwenyewe nikapata jibu ambalo sikumwambia mtu: kumbe maini ya kule si ya mbuzi.

Aliyenitoa hofu hiyo ni Mwalimu Lazaro, mwalimu wetu wa Kiingereza. Ijumaa, tukiwa tumeshachoka, aliandika neno moja ubaoni na kutuamuru tulikamue, yaani tuzichanganye herufi zake mpaka yadondoke maneno mengine. Ijumaa moja aliandika herufi nne: M, I, N, E.

"Linasomwaje?"

"Mi-ne!" tukajibu, kama tunavyosoma Kiswahili.

"Sivyo. Semeni maini."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Ya ng'ombe au ya mbuzi, mwalimu?"

Mwalimu naye akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye chaki. "Hata ya kuku si yenyewe. Maana yake ni mgodi. Shimo la kuchimbia madini. Huko mnakosema Maini, watu wanachimba shaba. Neno lenyewe Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na baba zenu wakalitoa kwa Waingereza."

Nchi yangu ya nyama ilikuwa imefutika mbele ya macho yangu, na mahali pake pakabaki shimo. Wenzangu waliendelea kukamua. Tukapata "in", ndani. Tukapata "me", mimi. Tukapata "men", wanaume. Kisha mwalimu akatuonyesha kwamba herufi zote nne, ukizigawa vizuri, hutoa "me in", mimi ndani. Alisema hicho si Kiingereza safi, lakini mtu aliyeko chini ya ardhi angesamehewa akisema hivyo. "Na kuna maana nyingine kubwa zaidi, ya kila siku," akaongeza, na kengele ikalia. Juma lililofuata alilala na homa, na alipopona alikuja na neno jingine. Hiyo maana ya kila siku haikunifikia darasani.

Fanuel alirudi baada ya mavuno. Alikuja na baiskeli nyeusi, amevaa suti ya rangi ya majivu na kofia, akinukia sabuni ambayo haikuuzwa kwetu. Aliposhuka hakumtazama kaka yake wala shemeji yake. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye," baba alijibu, akakohoa.

Fanuel akatoa peremende mfukoni akanipa. Ilikuwa tamu kuliko asali. Nikaitema nyuma ya nyumba, kwa sababu alikuwa amevaa vizuri na alikuwa ameanza kwa kunipa kitu kitamu.

Juma lile mama aliacha kuimba. Aliniita ndani kwa kazi zisizokuwepo. "Mwanangu, njoo unishikie ungo," alisema, nikaingia nikakuta ungo uko ukutani na yeye amekaa tu, mikono magotini. Alinivuta akanipangusa uso ambao haukuwa na uchafu. Mimi nilidhani anaumwa.

Jumamosi Fanuel akasema, "Kaka, nampeleka Naomi Tunduma nimnunulie viatu."

Baba akakohoa. "Mrudi mapema."

Mama alinifungia kiazi cha kuchemsha kwenye jani la mgomba akanikabidhi, na tulipofika barabarani nikageuka nikamwona bado amesimama palepale, mkono umeshika mlango.

Hofu yangu iliisha dukani. Sikuwahi kuvaa viatu maishani mwangu. Vilikuwa vyeusi, vyenye kamba ya kufunga juu ya mguu, na nilipotembea navyo nilijiona kama kuku aliyefungwa miguu, Fanuel akacheka, nami nikacheka. Kicheko chake kilifanana na cha baba kiasi kwamba nikaona haya kwa yote niliyomfikiria. Nikapanda nyuma ya baiskeli nikijua tunarudi nyumbani. Lakini hakugeuza. Alipiga pedali kuelekea mpakani.

"Kwetu ni kule, baba mdogo," nikamwambia.

"Najua. Tunaenda kuona ng'ambo kidogo."

Kwenye kizuizi kulikuwa na gogo lililolazwa kukata barabara, na mtu mwenye wavu aliyepekua kila chombo kinachopita kuona kama kimebeba mbung'o, nzi wa malale. Aliipapasa baiskeli yetu kwa wavu wake, chini ya kiti, kati ya magurudumu. Kando yake alisimama Mzungu aliyevaa kaptura, magoti mekundu kama nyanya. Alinitazama akauliza kitu. Nilishika neno moja tu, "child", mtoto.

Fanuel akavua kofia. Akaniwekea mkono begani, akajibu kwa sauti iliyojaa fahari: "Shi izi maini, sa."

Huyu ni maini.

Sijui niwaeleze vipi. Mgodi, alisema mwalimu. Nyama, nilijua mimi. Na maana zote mbili ziliniangukia kwa pamoja. Huyu msichana ni wa kutiwa shimoni. Huyu msichana ni maini. Na Mzungu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa bidhaa akaridhika, akamwashiria mtu wa wavu anyanyue gogo.

Nilishuka nikakimbia. Nilisikia "Naomi! Naomi!" nyuma yangu, nikasikia baiskeli ikianguka, nikaacha barabara nikaingia kwenye mabua ya mahindi. Viatu vilinizuia, nikavivua nikavitupa. Nilikimbia mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Karibu na kijiji cha Chapwa nikamgonga mwanamke aliyekuwa anakusanya mabua shambani, tukaanguka wote wawili.

"We mtoto! Unakimbizwa na nani?"

"Banyama! Amevaa suti!"

Mwanamke yule, ambaye sikumjua na hakunijua, hakuuliza swali la pili. Alichukua jembe lake, akalitia begani, akanishika mkono, na akatembea nami mpaka Mpemba. Njia nzima alikuwa akigeuka nyuma.

Neno hilo lilitutangulia kwa midomo ya wapita njia. Tulipofika nyumbani, ua ulikuwa umejaa majirani wenye fimbo na mapanga. Hata Mwalimu Lazaro alikuwapo, ameshika fimbo kwa namna ya mtu asiyejua kuitumia. Mama alinipokea kwa mikono miwili, akanipapasa mbavu, mgongo, shingo, akitafuta jeraha. Mimi nikapiga kelele kwamba baba mdogo amemwuzia Mzungu maini yangu. Vijana wakaanza kusogea kuelekea barabarani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatania. Laiti Fanuel angetokea dakika ile, leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Baba aliinua mkono. "Subirini. Naomi, alisema nini hasa? Maneno yenyewe."

Nilikuwa na kichwa kizuri cha kukariri. Nikasimama wima kama darasani. "Shi izi maini, sa."

Watu wakaguna. Na hapo Mwalimu Lazaro akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Jamani, shusheni fimbo hizo! Kosa ni langu, sikuwamalizia lile somo. Naomi, hayo ni maneno mawili tofauti. Moja ni mgodi, la Wafaransa, niliwaambia. Jingine ni la Waingereza wenyewe tangu babu zao, na yamekuja kufanana kwa herufi na kwa sauti tu, kama watu wawili wasio ndugu wanaofanana sura. Hilo la pili maana yake ni changu, yangu, wangu." Alikuwa amechangamka, anachora herufi hewani kwa kidole. "Kwa hiyo hakusema mgodi wala nyama. Alisema, 'Huyu ni wangu.' Bila shaka Mzungu alimwuliza ni mtoto wa nani, naye akajibu, 'Ni mtoto wangu, bwana.' Basi! Hakuna banyama hapa."

Nilisubiri watu wacheke. Vijana wachache walicheka kidogo, wakaacha. Niliwatazama wazee mmoja mmoja, na kila niliyemtazama aliinamisha macho. Mama alikuwa ameacha kunipapasa. Mikono yake ilikuwa imebaki mabegani mwangu, mizito, imekufa.

"Lakini mimi si wake," nikasema. "Mwalimu, alikosea. Mimi ni wa baba."

Mwalimu Lazaro hakuwa mwenyeji wa Mpemba. Alikuwa ametoka Msangano miaka michache tu nyuma. Niliona uso wake ukibadilika polepole alipotambua alichokuwa anakifafanua kwa furaha namna ile. Kidole kilikuwa bado hewani. Akakishusha.

Baba akakohoa. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mpaka leo siwezi kusema nilijuaje, ila nilijua kutokana na ule ukimya wa watu wazima, ambao wote walikuwa na kitu kimoja mikononi na mimi peke yangu sikuwa nacho.

Kabla hajasema, Fanuel akatokea akisukuma baiskeli. Kofia hakuwa nayo. Suti ilikuwa imechanika goti, na viatu vyangu vilikuwa vimening'inizwa kwenye usukani. Watu wakampisha.

"Yupo? Nimemtafuta Chapwa nzima. Kaka, yupo?"

"Yupo. Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Nilisema, viatu…"

"Viatu vinauzwa upande huu. Ulikuwa kwenye kizuizi."

Fanuel akaanza kuvifungua viatu kwenye usukani.

"Ulikuwa unavuka naye," mama akasema taratibu, kama anayejisomea. "Nimemfungia kiazi cha njiani kwa mikono yangu, na wewe ulikuwa unavuka naye."

"Nina nyumba sasa, shemeji. Nina mke, mwanamke mzuri, anamtaka. Ningewaomba mngekataa."

"Kwa hiyo ukaiba."

"Mtu haibi damu yake."

Mama alinisogeza nyuma yake. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti mbele ya wanaume. "Juma zima umekula kwangu ukinisikia namwita mwanangu. Asubuhi mwanangu, jioni mwanangu. Hukutamka neno. Ukaenda kumtamkia Mzungu wa mbung'o!"

"Aliniuliza ni mtoto wa nani. Ningejibu nini?"

"Ungesema wetu," baba akasema.

Fanuel akamgeukia mwalimu kama mtu anayetafuta shahidi, akitaka aambiwe kwamba Kizungu hakina neno hilo. Mwalimu Lazaro alitazama ardhi. "Lipo," akasema. "Ours. Lipo."

Ndipo Fanuel akakaa chini kwenye vumbi, na suti yake, akaweka viatu vyangu mapajani, akalia mbele ya watu wote. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Yule mwanamke wa Chapwa alikuwa wa mwisho. Alinishika kichwa kidogo, akachukua jembe lake akaenda zake.

Baba alinieleza yote jioni ileile, sote wanne tumekaa barazani. Mama aliyenizaa aliitwa Tabita. Alikuwa mke wa Fanuel, na alifariki kabla sijamaliza mwezi. Fanuel alipotoka makaburini hakuweza kunitazama, na mavumbi ya mazishi yakiwa hayajatulia akashika njia ya ng'ambo. Leya na Yese walikuwa wamekaa miaka bila mtoto. Leya alininywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, tone kwa tone, na watu wakimwambia sitaishi.

Walisubiri niulize kitu. Mambo ya kuuliza yalikuwa mengi, lakini nilichokiona mbele yangu ni kimoja tu, na kilinitisha kuliko vyote.

"Na jina langu ni lile lile?"

"Ni lile lile," baba akasema.

Siku ya pili, baada ya ibada, wazee wa ukoo walikaa wakaamua nibaki Mpemba, na Fanuel aje kunitazama kila apendapo, kwa njia ya mlangoni, mbele ya macho ya wote. Alikubali. Alipoondoka alinikabidhi vile viatu, akamwambia mama, "Ni vyake hata asipokuja." Alirudi mara nyingi miaka iliyofuata, na mke wake, na wadogo zangu ambao nilikuja kuwapenda sana. Nilimwita Baba Fanuel. Tulizoeana, ingawa hadi tunamzika tulikuwa bado na aibu kidogo sisi kwa sisi, kama watu waliokutana mara ya kwanza kwa ugomvi.

Ila asubuhi ya kuondoka kwake sijapata kuisimulia. Baiskeli ilikuwa imeshapotea bondeni. Mama alikaa kwenye mkeka akaniita nisukwe nywele za shule, nami nikakaa kati ya miguu yake kama siku zote, na kwa mara ya kwanza sikujua niegemee vipi. Miguu ile nilikuwa naijua, na sikuwa naijua. Akaanza kusuka.

"Mama," nikasema. Neno lenyewe lilinishtua lilipotoka. "Wewe ni nani yangu?"

Vidole vikasimama.

"Juzi, ulipoogopa kule Tunduma," akasema, "ulikimbilia wapi?"

"Huku."

"Kwa nani?"

Niligeuka nikamtazama. Kisha akanirudisha kichwa changu gotini kwake, akashika fungu la nywele, akalivuta kwa nguvu kuliko kawaida, nami nikapata sababu ya kulia, nikalia, na hakuniuliza nalilia nini.